Nilimkata Kijana wa Kwenye Mkanda, Nikasingizia Diski Imejaa

Wakuu, mwaka juzi niligombana na kijana wa kwenye mkanda wa video. Yeye hana habari. Mimi nusura nife kwa presha.

Naitwa Gidioni, nina kiofisi cha video pale Soweto, Moshi mjini. Harusi, kipaimara, misiba, zote napiga.

Wakati huo nilikuwa na mchumba, Margareta, binti wa Kibosho. Wiki mbili mbele wazee wangu walikuwa wapande kwao kupeleka posa. Kwa hiyo mama yake aliponiita, nilipanda mbio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nina mkanda wa sherehe tuliyofanya hapa nyumbani mwaka 2010. Niwekee kwenye diski. Jumapili ijayo tunapokea mgeni, tutauangalia wote."

Moyoni nikasema, hapa posa nimeshapata bila jasho.

Mkanda ulikuwa wa masaa matatu. Nikauingiza wote kwenye kompyuta. Wakati naurudisha nyuma, deki yangu ya kizee ikautafuna vibaya, maana ulishaoza kwa unyevu. Sikujali, video si ninayo? Sauti ilikuwa inakoroma tu, nikaizima.

Sasa, DVD moja inabeba masaa mawili kwa picha safi. Ukiyabana matatu yaingie, nyuso zinakuwa miraba miraba. Unachagua: ubane, au ukate.

Nikakaa niangalie cha kukata.

Ndipo nikamwona.

Kijana mrefu, shati jeupe, kakaa meza ya mbele. Pembeni yake nani? Margareta wangu! Watu wanakuja wanacheza na zawadi, wanawapa mkono wote wawili. Kijana kainuka kucheza, mkono kiunoni kwa Margareta. Na yeye anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana.

Meza ya mbele, zawadi, watu wawili. Mimi nimepiga sherehe ngapi, nisijue kishika uchumba?

Nikampigia.

"Yule wa shati jeupe kwenye mkanda wa mama ni nani?"

Akacheka. "Aisee, umemwona! Huyo nampenda balaa. Jumapili utakutana naye, acha iwe sapraizi."

Wakuu, niliona giza. Kumbe mgeni ndiye huyo! Na mimi ndiye nimtengenezee diski!

Kuuliza zaidi niliona ni kujishusha. Nikakata simu, nikarudi kwenye video. Niliirudia mara nne, mwanzo hadi mwisho, kwa wivu tu.

Kisha nikaanza kazi. Anakata keki, toka. Anacheza, toka. Kapiga magoti mbele ya bibi mmoja, toka. Kila alipotokeza sura yake, nilimfyeka.

Ikabaki saa moja na nusu: wapishi, mbuzi wa ndafu, wazee na pombe yao ya mbege, na ng'ombe. Mpiga picha sijui alimpendea nini yule ng'ombe, kamkalia dakika kumi nzima. Ikaenea bila kubanwa hata kidogo.

Nikachoma diski. Ile video nzima nikaifuta, nisimwone tena maishani.

Jumapili sebule ya Kibosho ikajaa. Mgeni akaingia.

Ni yeye. Shingoni kola ya padri.

"Huyu ndiye kaka yangu Tito," Margareta akanishika mkono kwa furaha. "Mtoto wa mama mkubwa, tumelelewa wote hapa. Alikuwa anasoma ng'ambo. Ule mkanda tulikuwa tunamuaga akienda seminari, na mimi ndiye nilikuwa mpambe wake."

Na deki tayari imewashwa.

Robo saa. Nusu saa. Watu wakaanza kutazamana.

"Gidioni baba, Tito yuko wapi?" mama akauliza.

"Mama, diski... diski ilijaa. Hakuenea."

Mama akaigeukia TV. Ng'ombe anatafuna majani ya mgomba, hana haraka.

"Ng'ombe wangu kaenea. Mwenye sherehe ndiye kakosa nafasi?"

Margareta akanitazama. Nikajua ameelewa. Akauachia mkono wangu.

Padri akasema kwa upole, "Si neno. Mimi nilitaka kipande kimoja tu, Bibi Kornelia akinibariki. Alifariki mwezi uliofuata, na video nyingine yake hatuna. Kile ulichokata unacho?"

"Nilifuta, Padri."

"Na mkanda?"

"Uliliwa na deki."

Halafu akasogeza kiti karibu yangu.

"Basi nisimulie. Wewe ndiye mtu wa mwisho kuuona. Alivaa nini? Alinishika kichwani au mabegani? Alikuwa analia?"

Wakuu, niliiangalia mara nne. Nikaitafuta sura ya yule bibi, sina. Hata rangi ya kitenge chake, sina. Nilichokuwa nacho kichwani ni mkono kiunoni kwa Margareta.

"Nisamehe, Padri. Sikumwangalia."

Posa haikupanda tena.

Ndugu yangu, ukimhisi vibaya mtu wako, muulize, hata kama utaonekana mjinga. Mimi simu nilikuwa nayo mkononi na Margareta yuko hewani. Ningemuuliza tu, "Ni nani wako?", Padri angebaki na bibi yake.