Hatua Elfu Mbili Kutoka Langoni

Chuo chetu kilikuwa na kanuni iliyonifurahisha kuliko kanuni zote nilizopata kuzisikia: kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza lazima alale bwenini. Wenzangu waliisoma wakanuna. Mimi niliisoma mara tatu, nikaikunja ile karatasi, nikaanza kuota kitanda.

Mtu aliyelala peke yake tangu utoto hawezi kunielewa. Kwetu mtaa wa Gitega, hapa Rwanda, tulilala wanne kitanda kimoja: bibi ukutani, wadogo zangu wawili katikati, na mimi ukingoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Bibi akitaka maji, anayeinuka ni wa ukingoni. Paka akilia, wa ukingoni. Ulikuwa mwaka wa 1991, nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimepata nafasi ya kusomea ukatibu kwenye chuo kimoja kule juu mjini, na nilichokitaka hasa si cheti. Nilitaka godoro la mtu mmoja.

Baba akaingilia kati. Alikuwa fundi cherehani, anashona kanzu na sare za shule pale barazani kwetu, na hakuona sababu ya binti yake kulala kwa watu ilhali nyumbani kuna paa. "Watu watasema nimeshindwa kukulaza," alisema. Lilikuwepo na jambo jingine ambalo hakulisema: mimi ndiye niliyemsomea magazeti, na chai ya mtu mwingine yeyote aliiita maji ya kunawia. Akaniambia nimsomee kanuni zote za chuo. Na mimi, mjinga, nikasoma mpaka mwisho. Kule chini kabisa iliandikwa kwamba ambaye nyumba yao haizidi kilomita moja na nusu kutoka lango la chuo ataruhusiwa kulala kwao, mzazi akiomba. Baba akaomba siku hiyo hiyo. Barua niliiandika mimi mwenyewe kwa Kifaransa, yeye akinitajia maneno, na kwa hasira yangu yote niliiandika kwa hati nzuri.

Aliyetumwa kuja kupima alikuwa msimamizi wa bweni, mzee mfupi wa tai na koti la kaki. Gari la chuo lilikuwa bovu, lakini miguu yake aliiamini. Alitueleza pale langoni kwamba hatua zake elfu mbili ni kilomita moja na nusu kamili. Kila akifika mia moja angekunja kidole; vidole kumi vikiisha, angevikunjua na kuanza upya.

"Attention," akasema, "hapana semesha mimi. Mimi iko nahesabu."

Baba alikuwa amelifikiria hilo. Jana yake alizunguka mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, akiwaomba majirani wasimsalimie mgeni, maana atakuwa anahesabu hatua na asipotezwe. Ndilo kosa alilofanya. Asingesema kitu, mzee yule angepita kama wapita njia wengine. Sasa mtaa mzima ulijua kwamba anakuja mtu mzima wa tai kuhesabu hatua zake, na nani angebaki ndani?

Barabara ya lami tuliteremka vizuri, mimi nyuma yao, nikihesabu hatua zake moyoni. Tulipoingia Gitega nikaona watu wamesimama milangoni kama siku ya harusi. Muuza mkaa, mama wa sambusa, mafundi wa baiskeli, wote. Na kwetu mtu hapiti bila salamu. Hata kumwambia kwamba humsalimii, unamwambia kwa salamu.

"Karibu mzee! Hatukusalimii, tumeambiwa."

"Pole na kuhesabu, baba! Habari za chuo?"

"Umefika ngapi, mzee?"

Maskini, alikuwa mtu mwenye adabu. Alijibu kwa kichwa, akajibu kwa nyusi, midomo ikiendelea kutaja namba. Mama wa sambusa akamwambia kwa huruma, "Bado kidogo tu, kama mia tatu hivi," na nikaona mia tatu zinaingia masikioni mwake na kuvuruga zote zilizokuwemo. "Musisarimie mimi!" akalia. Wakacheka, wakamwomba radhi, na kuomba radhi kwenyewe kukawa salamu nyingine. Wengine katika wale waliosimama milangoni hawakuvuka mwaka wa tisini na nne. Nikiwakumbuka, nawakumbuka hivyo, wakicheka.

Hata hivyo vidole vilikuwa bado vimekunjwa. Nyumba mbili kabla ya kwetu akatokea mwalimu wa madrasa, mzee wa kuheshimiwa, ambaye baba alisahau kumpitia. Akanyoosha mkono. Na hapa Rwanda mkubwa akikupa mkono, unaupokea kwa wa kulia, na wa kushoto unaushikisha kwenye kiwiko chako, kwa heshima. Inataka mikono yote miwili. Msimamizi aliutazama ule mkono kwa uchungu. Kisha akafungua vidole vyote, akaupokea.

Mlangoni petu alisimama akiangalia viganja vyake vitupu. "Nilikuwa na vidole... Bon. Mzazi, wewe ulihesabu?"

"Mimi ni mzazi," baba akasema. "Nikitaja, utasema nimevutia kwangu. Muulize huyu binti. Huyu hasemi uongo."

Nilikuwa nimehesabu vizuri sana. Elfu moja mia nane na thelathini na sita, mpaka kizingitini. Bibi alikuwa dirishani, wadogo zangu wamemning'inia, na nyuma yao nilikiona kile kitanda.

"Elfu mbili na kumi na nne," nikasema. Zile kumi na nne niliziongeza zionekane za kweli.

Baba alinitazama. Kisha akainama, akatoa uzi kwenye suruali yake. Msimamizi akaandika, akanywa chai yangu, akaisifu, akapanda kurudi.

Siku ya kuingia bwenini baba alinibebea godoro kichwani njia nzima, midomo ikimchezacheza. Kitanda changu kilikuwa cha chuma, karibu na dirisha, chembamba, cha mtu mmoja kabisa. Akalitandika godoro mwenyewe, akavuta shuka pembe zote nne mpaka likanyooka. Nikajua nimepata nilichotaka.

"Elfu moja mia nane na thelathini na sita," akasema, akiendelea kunyoosha shuka. "Ile siku. Leo zimezidi kidogo, kwa sababu ya godoro."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nilitaka kumwomba msamaha, nikakosa pa kuanzia, nikasema, "Baba, kesho jioni nitakuja kukupikia chai."

Akachukua kofia yake kitandani, akaikung'uta, akaivaa.

"Kesho? Hapana, mwanangu," akasema. "Ni mbali."