Mkasi wa Mama Fagio

Mimi sikumwamini Mama Fagio hata kidogo. Mtu gani anakuja kazini na kikapu kitupu, anarudi nacho kimejaa, na juu yake ametandika tambara? Alikuwa anafagia shule yetu ya msingi tangu mama yangu akiwa mwanafunzi palepale. Mkimya, funguo kiunoni, harufu ya sabuni ya sakafu inatangulia kabla ya salamu.

Nilianza kumchunguza siku vitabu vya darasa la pili vilipokutwa vimekatwa. Vilikuwa kumi na viwili kwa watoto sabini, na katika kila kimoja picha zilikuwa zimeondolewa kwa mkasi, maneno yameachwa. Mwalimu wa darasa aliwalaumu watoto. Nikajiuliza, mtoto wa miaka saba anakata mstari ulionyooka vile?

Wakati huohuo mdogo wangu, Kidoti, wa darasa hilohilo, akaanza kuchelewa kurudi nyumbani. Ukimuuliza, alikuwa stoo ya mifagio na wenzake wanne. Wanafanya nini? Siri yao na bibi mfagiaji. Hilo lilinikosesha raha, maana mwisho wa muhula kila mtoto angesoma ukurasa mmoja mbele ya mwalimu mkuu, na atakayeshindwa anarudishwa darasa la kwanza. Si kwamba nilimtilia shaka Kidoti. Nyumbani, kabla vitabu havijakatwa, alikuwa anasoma kama anakunywa maji, mama anapiga makofi, mimi naona wivu.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo nikanyata hadi dirisha la stoo. Watoto watano walikalia ndoo zilizopinduliwa. Mama Fagio alichomoa picha ya paka kutoka kikapu chake kilichojaa picha zilizokatwa, akamwonyesha Kidoti, naye akatiririka ukurasa mzima bila kutupia jicho maandishi. Kisha bibi akaificha picha, akamsogezea maneno yaleyale. Kidoti akaduwaa. Kumbe siku zote alikuwa anamsoma paka.

Nikaingia na shikamoo ya kipolisi.

"Marahaba, askari wangu," akasema. "Umekuja kunikamata?"

"Vitabu vya shule umevikata, bibi."

"Nimevikata. Nafagia nyuma ya madarasa haya, nasikia. Mwalimu anasema, wao wanaitikia, macho kwenye picha. Na mimi nilisoma hivyohivyo mpaka la tatu. Tukapewa kitabu kisicho na picha, nikawa bubu. Nikaishia kushika fagio."

Akanieleza kwamba kusoma kwenyewe alijifunza ukubwani, mlemle stoo, kwa maboksi ya sabuni na chupa za dawa ya choo, herufi moja moja. Sikuridhika. Mtu anaweza kusema lolote. Nikatoa kitabu changu cha historia, nikakifungua katikati, nikamwomba asome. Akasoma kwa kidole, polepole, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, lakini hakuteleza hata neno moja. Basi nikapindua ndoo, nikakaa. Toka hapo nikawa nakaa kila siku, nusu kusaidia, nusu kulinda.

Siku yenyewe ya kusoma mama alikuwa kazini, nikasimama mimi badala ya mzazi. Mwalimu mkuu alikitazama kile kitabu kilichokatwa, akakunja uso, akatoa kipya kabatini. Kilikuwa na picha kubwa ya mbuzi, hadithi ambayo Kidoti hajawahi kuisikia. Mdogo wangu akaweka kiganja juu ya mbuzi, akamfunika mpaka pembe, akaanza, silabi kwa silabi. Neno moja lilimkwamisha. Akalirudia mara tatu, akalivuka.

"Mbona unaifunika picha?" mwalimu mkuu akauliza.

"Inanidanganya, mwalimu."

Akamwandikia kwamba amefaulu. Kisha akanigeukia mimi, jicho moja dogo kuliko jingine, akataka kujua nani amemfundisha mtoto mambo hayo. Nje ya dirisha fagio lilikuwa linapita na kurudi mahali palepale, pasafi tayari.

"Hata mimi, mwalimu," nikasema, "bado nachunguza."