Jua la Kuagiza kutoka Dar

Mapazia ya nyumba ya Hezroni niliyashona mimi, kwa hiyo siwezi kusimulia habari hizi kama mtu asiye na lawama. Cherehani yangu ilikuwa barazani, mbele ya duka la dawa la Bashiri, Kyela mjini, na mtu anayeshona barazani miaka kumi hahitaji redio. Mengine alinieleza Tuntufye mwenyewe, baada ya kupata nguvu ya kuyacheka.

Tuntufye alizaliwa Ndandalo, kwa watu wa mpunga na kakao. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono ya kazi, na alikuwa na tabia ya kuanza kukusalimia ungali mbali, kiasi kwamba mkikutana mlikuwa mmeshamaliza habari za nyumbani na mmefika kwenye za mifugo. Aliolewa na Hezroni, karani wa mizani katika chama cha ushirika, mtu mpole mwenye mashati mawili. Walipata mtoto mmoja, Lugano, ndiyo maana wengi tulimwita Mama Lugano.

Kisha serikali ikaruhusu watu binafsi kununua mazao. Chama cha ushirika kikalala, Hezroni akaamka. Mwaka 1992 alikuwa na mzani wake mwenyewe. Mwaka 1993 alikuwa na pikapu na kitambi. Mwaka uliofuata alihamia nyumba mpya mjini, akampeleka Lugano shule ya bweni Mbeya, na akaanza kutangaza jambo moja kila alipopata watu watatu wa kumsikiliza.

"Mke wangu amelima vya kutosha. Kuanzia sasa, habari za jua atazisikia kwa majirani."

Ndiyo ilikuwa heshima ya siku zile. Zamani ukubwa wa mtu ulionekana kwa ng'ombe wake, nao ng'ombe wanatembea, kila mtu anawaona. Sasa ukubwa ulikuwa ni mke asiyetoka jasho, na ili watu wajue hatoki jasho ilibidi asionekane kabisa. Hezroni alijenga madirisha madogo kwa kuogopa wezi, akayawekea nondo, kisha akaniletea jora la mahameli nyekundu na kitambaa cha bitana.

"Fundi, nataka mapazia mazito," akasema. "Mtu akipita nje ajue ndani kuna kitu."

"Lakini ndani kutakuwa giza, bosi."

"Taa zipo!"

Nikashona. Jumapili Tuntufye alitolewa mlangoni hadi kwenye pikapu chini ya mwavuli, akashushwa kanisani chini ya mwavuli, akarudishwa vilevile. Alilipwa mama mmoja wa kuteka maji, na mwingine wa kwenda sokoni. Yeye alibaki kwenye sofa lenye nailoni juu, mbele ya deki ya video, akitazama filamu za Wahindi ambazo hakuelewa neno hata moja.

Miezi ya mwanzo alifurahi, na asikudanganye mtu, kupumzika ni kutamu. Aliniambia alilala usingizi wa ujana wake wote. Lakini usingizi ukafika mahali ukakataa kwisha. Mwaka wa pili mapaja yalianza kumuuma, na mgongo, na kuinuka kwenye lile sofa kukawa ni safari ya kujipanga. Chakula kikakosa ladha. Watu walimsalimia "Ugonile, Mama Lugano," naye akatikisa kichwa tu, yeye aliyekuwa akisalimia hadi ng'ambo ya shamba. Siku nyingine alilia tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri bila kujua analilia nini.

"Nilikuwa naona kama mtu amenikalia kifuani," aliniambia, "naye hana haraka ya kwenda popote."

Kila mtu alikuwa na jibu. Akina mama wa kanisa walisema ni imani imepungua, wakaja kuomba, wakanywa soda, wakasifia sofa. Wifi yake alisema ni watu wenye wivu na pikapu wamemroga, akamleta mganga kutoka mbali, ambaye alizunguka nyumba mara saba na kugundua kwamba tatizo linahitaji jogoo mweupe na beberu. Tatizo likala vyote viwili, halikuondoka.

Hezroni naye alikuwa na jibu lake. Alimpenda sana mkewe, hilo lisemwe, na aliamini kwamba mtu akilia basi kuna kitu amekikosa dukani. Tuntufye alilia Januari, likaja friji. Alilia Machi, ikaja feni. Alilia Pasaka, likaja kabati la vyombo lenye vioo, lililowekwa mbele ya dirisha pekee lililokuwa likiingiza mwanga kidogo.

Ilipofika Juni alikuwa hawezi kupanda ngazi tatu za kanisa bila kushikwa mkono. Ndipo Hezroni akampeleka zahanati, kwa tabibu aliyeitwa Anyitike, kijana mkavu aliyekuwa na sifa mbaya ya kuuliza maswali badala ya kuchoma sindano. Alimpima damu na malaria, akambonyeza miguu. Kisha akauliza:

"Mama, mara ya mwisho kukaa juani ni lini?"

Tuntufye akafikiri. "Siku tulipomzika mama mkwe."

"Lini hiyo?"

"Mwaka juzi."

Anyitike akaweka kalamu chini. Akawaeleza kwamba ngozi ikipigwa na jua, mwili hujitengenezea kitu kinachoitwa vitamini D, na mtu akikikosa muda mrefu mifupa na misuli huuma na kulegea. Kipimo chake hakikuwapo pale, wala hakujua kama kingepatikana Mbeya, lakini kwa alivyomwona, alishuku.

"Na huku kulia?" akauliza Tuntufye. "Nako ni hiyo D?"

"Hapo sitaki kukudanganya, mama. Wapo wataalamu wanaosema walioikosa wengi wao wana huzuni nzito. Wengine wanauliza, ni kuikosa kunakoleta huzuni, au ni mwenye huzuni ndiye anayejifungia ndani akaikosa? Bado wanabishana. Ninachojua ni kwamba huzuni ya muda mrefu hivi ni ugonjwa, inaitwa sonona, na si aibu wala si uvivu. Toka nje kila siku, asubuhi, mikono wazi. Tembea. Kula samaki, hata usipa, na mayai. Kaa na watu uzungumze nao. Nikuone baada ya wiki mbili, na tusiposonga mbele nitakuandikia barua ya kwenda kwa daktari wa akili."

Kwa maneno yote hayo, Hezroni alitoka na herufi moja. Alikuja moja kwa moja kwa Bashiri. Mimi nilikuwa natia uzi.

"Bashiri, nataka vitamini D. Ya Ulaya."

Bashiri alikuwa mtu wa asili ya Kilwa, babu yake aliingia Kyela na biashara ya nguo, na hakuwahi kumwambia mteja kwamba kitu hakuna. "A ninayo, B ninayo, C imejaa hapa," akasema, akipapasa rafu. "D nitakuagizia Dar. Wiki mbili."

"Hiyo inafanya kazi gani hasa?"

"Ni jua, tata, baba yangu. Jua lililowekwa kwenye kidonge."

Hezroni alifurahi mno. Kumbe jua unaweza kulipata bila kutoka nje kama mkulima! Vidonge vilipofika vilikuwa vya mafuta ya ini la samaki, na kwenye chupa palichorwa mvuvi wa kizungu aliyevaa koti la mvua, chini ya wingu jeusi, mtu ambaye kwa sura yake alihitaji jua kuliko sisi sote. Hatua kumi kutoka hapo wanawake wa kandokando ya ziwa walikuwa wamekaa na matenga ya usipa mkavu, wakinadi samaki wao kwa bei ya bure. Hezroni aliwapita akiwa ameikumbatia chupa kifuani.

Jioni ile alirudi mbio.

"Bashiri, nisomee hapa. Wameandika nini?"

Bashiri akavaa miwani. "Wameandika, weka mahali pakavu, mbali na jua."

Hezroni akanigeukia. "Umesikia, fundi? Ongeza bitana nyingine."

Nikaongeza. Mungu anisamehe.

Vidonge havikumdhuru Tuntufye, ila akaendelea kulia akinuka samaki. Anyitike aliposikia, alimfuata Hezroni nyumbani kwake na kumwambia mbele ya wageni kwamba mgonjwa atoke nje, basi. Hezroni hakulala akiwaza namna ya kumtoa mkewe nje bila kumtoa nje, na asubuhi akaita mafundi ujenzi. Walimjengea chumba kisicho na paa nyuma ya nyumba, hatua nne kwa nne, kuta ndefu kuliko mtu na vipande vya chupa juu yake. Waliingiza sofa humo. Jua lilifika kwenye sofa saa sita kamili na kuondoka saa sita na nusu. Saa nyingine zote Tuntufye alitazama ukuta, akiwa nje kisheria.

Kisha mvua ikanyesha, na mvua ya Kyela haibishi hodi. Sofa likavimba. Siku ya tatu vyura wakahamia. Tuntufye alisimama mlangoni akiwatazama vyura wanavyopanda na kushuka kwenye nailoni, akasema kwa sauti, peke yake, "Hawa wamepata nyumba. Mimi naondoka."

Hezroni alikuwa amekwenda kununua kakao. Tuntufye alivaa kanga, akachukua kikapu, akapanda lori la Matema. Dereva ilibidi amvute kwa mikono yote miwili. Kutoka Matema akapanda mtumbwi hadi Ikombe, kwa Elizabeth, mfinyanzi wa kabila la Wakisi wa kando ya ziwa, ambaye miaka yote ya Ndandalo alikuwa akija na vyungu vyake kubadilishana na mpunga, na walikuwa wamezoeana kama ndugu.

Elizabeth alimtazama akishuka mtumbwini, mweupe wa kufifia, ameshika ukingo kwa mikono miwili. Hakumwombolezea.

"Umekuja kulia au kusaidia?"

"Sijui."

"Vyote vinawezekana. Ila kaa hapa, udongo unakauka."

Wiki ya kwanza alilia kweli, huku anakanda udongo, na Elizabeth akaendelea kusugua vyungu kwa jiwe akimsimulia habari za watu asiowajua. Wiki ya pili alitembea hadi kwenye vichanja vya kuanikia usipa, akaanika, akala. Usiku alilala kama watu wanavyolala, asubuhi akaamka. Wiki ya tatu aligombana na mama mmoja juu ya nani aliyevunja chungu, wakapigiana kelele hadi wakasahau walichogombea. Aliniambia ile ndiyo siku aliyojua kwamba yule aliyemkalia kifuani ameanza kukusanya mizigo yake.

Hezroni alimtafuta kote. Alipopata habari alifika Ikombe kwa mtumbwi, amevaa suti, viatu mkononi, chupa ya vidonge mfukoni, ametapika mara mbili njiani. Alimkuta mkewe na udongo hadi viwikoni.

"Mama Lugano! Umekuwa mweusi!"

"Nilikuwa hivi uliponioa."

"Watu watasema nini?"

"Watasema nimepona. Wewe utasema nini?"

Hezroni akatazama viatu vyake. Kisha yule karani wa mizani, mtu mpole, akajitokeza kidogo chini ya ile suti. "Niliogopa," akasema. "Nilikuwa nanunua vitu na wewe unazidi kuondoka."

"Najua, Baba Lugano. Ndaga fijo, asante sana kwa friji. Lakini sirudi kukaa ndani. Nitakuwa nachukua vyungu huku na kuuza soko la Kyela, mwenyewe, nimekaa chini, na watu wananiona."

Alikubali. Angefanya nini, na mtumbwi wa kumrudisha ulikuwa unaendeshwa na shemeji wa Elizabeth? Mjini alieleza kwamba mkewe amefungua kampuni ya vyombo na yeye mwenyewe, Hezroni, ndiye mkurugenzi.

Tuntufye hakupona siku moja. Palikuwa na asubuhi ambazo hakuweza kuinuka, na kwa daktari wa akili alikwenda pia, mara tatu, na hakuficha. Lakini mapaja yaliacha kuuma, na salamu zake zikaanza tena kutufikia kabla yake. Siku moja alimpelekea Anyitike chungu cha zawadi, akamuuliza ni nini hasa kilichomponya.

"Sijui, mama," tabibu akasema. "Jua, samaki, kutembea, daktari, Elizabeth, au kupata mtu wa kugombana naye. Ungetaka nikuandikie, ningeandika vyote."

"Basi Elizabeth mwandike wa kwanza."

Hezroni hakuwa na shaka. Aliwaambia wafanyabiashara wenzake kwamba ni vile vidonge, na Bashiri, ambaye hakuona sababu ya kumkosoa mteja, akaagiza katoni nzima. Kumbe Kyela ilikuwa na wake wengi waliokalia sofa. Chupa ziliisha ndani ya mwezi, na mapazia nikashona mengine mengi, kwa nyumba mpya.

Mmoja wa wake hao, Prisca, mke wa mnunuzi wa mpunga, alisimamisha gari sokoni na kuteremsha kioo mbele ya vyungu vya Tuntufye.

"Dada, nisaidie. Ulikuwa unameza vingapi kwa siku?"

Tuntufye alimtazama, zile kope zilizovimba, ule mkono mlegevu juu ya mlango wa gari. "Lori la Matema linaondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi," akasema. "Nitakuwekea nafasi."

Prisca akacheka, akidhani ni utani, akapandisha kioo. Jumamosi ile hakuja. Iliyofuata alikuja, na viatu vya visigino virefu.