Karatasi Yenye Nilizika na Bibi Yangu

Mutu akikunja karatasi karibu yangu, hata kanisani, shingo yangu inapata baridi. Ile sauti ninaijua. Niliisikia siku ya matanga ya bibi yangu, mama ya watoto wangu, na mwenye alikuwa anakunja ni miye.

Lakini nianzie kwa yaya yangu mwanamuke, dada yangu mukubwa, juu bila yeye hamutaelewa. Anakaa Marabo, anauzisha maharagi. Yeye ndiye alitangulia kupata kansere ya ziwa, ile titi ya mwanamuke. Walikata kipande ya nyama, wakaituma mbali kuipima, kisha wakamupa kinini, dawa ya kumeza, moja kila siku. Mupaka leo iko anauzisha maharagi, na kipimo yake haijai vizuri, Mungu amusamehe. Basi bibi yangu alipopata kivimbe, hatukuogopa sana.

"Ni ile ya wifi yangu," aliniambia. "Nitakunywa kinini, nitakuzika weye, muzee."

Hakunizika. Mahindi yenye alipanda ile mwaka, tuliikula bila yeye.

Sasa, mwezi uliopita, binti yangu wa mwisho alikuwa anaoga, mukono yake ikagusa kitu kigumu mu ziwa. Tulitoka kwetu Rwambuzi kwa miguu mupaka hospitali. Kule kuko mama mumoja muuguzi mwenye anashika kitabu kikubwa ya wagonjwa wa kansere. Akauliza nani mwingine alipata mu familia. Nikataja yaya yangu. Binti yangu akasema:

"Na mama."

"Mama yako alikuwa na aina gani?" muuguzi akauliza.

"Kansere si kansere tu?" nikasema.

"Hapana, papa. Jina ni moja, lakini iko na makabila. Kuko ya polepole, yenye inasikia kinini. Kuko ya mbio, haisikii. Ya mama ikijulikana, itatusaidia kujua namna ya kumufuata huyu mutoto."

"Makabila! Mama, hapa Ituri hatujachoka na makabila, mupaka mu ziwa?"

Alicheka mupaka akatoa lineti ku macho. Akafungua kitabu. Zamani, anasema, ukurasa ilikuwa inachelewa kujaa. Sasa inajaa mbio. Nikamuuliza kama ni ugonjwa inaongezeka ao ni siye tunaanza kuiona. "Yote mbili," akajibu. Akanionyesha majina. Wenye aina kama ya yaya yangu wanarudi mwaka kwa mwaka, alama juu ya alama. Wa ile ingine, alama mbili, tatu, kisha nafasi mweupe. "Na wengine hawamo kabisa," akasema, "juu familia inasema walikufa na sumu."

Nikaangalia viatu yangu.

"Baba," binti yangu akasema, "karatasi ya mama yenye ilitoka kwa kupimwa, iko wapi?"

"Panya walikula."

"Panya gani, baba? Nyumba ya mabati, na paka iko."

Kwetu, vitu vya ugonjwa vinaenda kaburini na mugonjwa: kikombe yake, mukeka yake, ili ugonjwa usibaki nyumbani kutafuta mwingine. Karatasi nayo niliikunja mara ine, nikaiingiza chini ya shingo yake mu sanduku. Lakini nisidanganye, haikuwa desturi tu. Nilikuwa na binti watatu hawajaolewa, na pale matangani watu walisema sumu. Nikawaacha waseme. Sumu ni haya ya jirani, kansere ni haya ya damu. Kuko jirani mumoja, mama mujane, alihama juu watu walisema ile sumu ni yake. Hakufanya kitu. Sijamutafuta.

Nikasema yote pale, mbele ya kitabu. Muuguzi hakunigombeza, na ile ndiyo iliniumiza. Akaandika jina ya bibi yangu. Kwa mahali ya aina, akavuta kamustari kadogo. Miaka yote tuliishi naye, na sasa iko kale kamustari.

Walikata binti yangu kipande, ikaenda mbali, na siye tuko tunangojea. Kwa mulango nilimuambia:

"Karatasi ikikuja, niletee, nitakuchungia."

Nilikuwa nimekwisha kunyoosha mukono, sawa vile karatasi iko tayari.

"Hapana, baba," akasema polepole, sawa vile mutu anaongea na mugonjwa. "Yangu nitaichunga miye."

Akatangulia mu njia. Mukono yangu ilibaki vile, wazi.