Mvuvi wa Nyumba ya Mungu aliyekataa kubadili neno

Saa kumi na mbili asubuhi jua linachungulia juu ya milima ya Upare, na Wenseslaus Temba anatembea kando ya Bwawa la Nyumba ya Mungu kama mtu anayemvuta mbuzi mbishi. Uzi wa nailoni umezungushwa kiunoni mwake. Mwisho wa uzi, mbali majini, kuna kijiko cha chai kilichokatwa mpini, kikatobolewa na kufungwa ndoana. Yeye akitembea, kijiko kinayumbayumba na kumeta kama samaki mdogo aliyejeruhiwa. Kambare mwenye njaa hukiparamia bila kuuliza.

Ni uvuvi wa kushangaza, maana mtu huyu ana mtumbwi. Upo pale nyuma yake, umefungwa mnyororo kwenye mgunga, na kufuli la serikali ya kijiji linaning'inia.

"Walifunga mtumbwi," anasema bila kugeuka. "Miguu yangu hawakuifunga. Labda hawajakumbuka."

"Na mamba, mzee?" tunamuuliza.

"Mamba namwogopa sana. Ila mamba hakusomei tangazo kabla ya kukuuma."

Mzee Temba ana umri wa miaka hamsini na kitu, mwenyeji wa Kibosho, na elimu yake iliishia darasa la pili. Alishuka kutoka mlimani miaka ya sitini kuja kubeba zege wakati bwawa linajengwa. Maji yalipoanza kujaa, msimamizi mmoja Mzungu alikuwa akipanda mashua kila Jumapili na kupita polepole, anakokota kijiko nyuma yake. Aliwaambia vibarua kwamba kwao, kwenye maziwa makubwa ya baridi, ndivyo wanavyomvua samaki aitwaye samoni. Vibarua walicheka mpaka wakakaa chini. Temba naye alicheka, lakini jioni yake aliiba kijiko jikoni kambini.

"Huyo samoni sijamwona mpaka leo," anasema. "Sijui ana mabawa, sijui ana pembe. Lakini kambare naye ni mlafi. Kitu kikimeta mbele ya mdomo wake hawezi kuvumilia. Kama viongozi."

Anacheka peke yake, kicheko kifupi, halafu anatema mate pembeni.

Nyumbani Kibosho hawakumwelewa. Wazee wa mlimani samaki hawakumhesabu kuwa chakula. Walimwita nyoka wa maji. Temba alipopanda na kambare wakavu kwenye gunia, kaka zake walitoka nje ya nyumba na kibuyu chao cha pombe ya mbege mpaka gunia liondolewe. Aliyebaki ndani ni mkewe, Anyesi. Alimpika kambare kwa ndizi mbichi, akala, akalamba vidole, akamwambia mumewe, "Hao wametoka, basi sisi tushibe."

Mwaka uliofuata walihamia huku bondeni wote wawili pamoja na binti yao, Redempta. Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilipokuja, tayari walikuwa hapa, wakajikuta ni wanakijiji wa Bwawani bila kusogea hata hatua.

Lililomfunga Temba ni neno moja. Mapema mwaka huu lilikuja agizo la kupiga marufuku uvuvi wa kukokota. Lilikusudia makokoro, zile nyavu ndefu zinazovutwa na kundi la watu hadi nchi kavu, zikizoa mpaka vifaranga wa perege. Sasa, Bwawani hakuna mtu anayeuita uvuvi wa Temba kwa jina jingine. Watoto wanasema Mzee anakokota. Wanawake wanasema Mzee amekwenda kukokota. Katibu wa kijiji, Eliezeri, alilisoma agizo, akalitazama ziwa, akamwona mtu anayekokota.

Alikuja na mgambo wawili na mnyororo.

"Ndugu Wenseslaus, uvuvi wa kukokota umepigwa marufuku."

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sasa endelea na huo undugu wako."

Tulipomkuta ofisini kwake, Eliezeri hakuonekana mtu mbaya. Ni kijana mwenye sauti ya taratibu, na hakuficha kwamba jambo hili linamchosha.

"Agizo halikusema kukokota nini," alisema. "Nikimwachia yeye, kesho wenye makokoro watakuja kuniambia kwamba na wao wanakokota vijiko. Na wa juu yangu hawataniuliza kijiko, wataniuliza agizo. Lakini mlango nimemwonyesha. Asimame mbele ya mkutano aseme anavua kwa kuburuta. Kuburuta hakumo. Nafungua kufuli siku hiyo hiyo."

"Kuburuta na kukokota vina tofauti gani?"

"Tofauti ni kwamba moja limo, jingine halimo."

Kijiji kizima kinajua mlango huo, na karibu kijiji kizima kimemsihi apite. Mektrida, anayekaanga samaki karibu na mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga, ndiye aliyesihi kwa kelele zaidi. Tangu mtumbwi ufungwe, Temba humletea kambare wawili, siku nyingine hana kitu, wakati zamani kikaango cha mama huyo kilikuwa kinakosa nafasi.

"Baba Redempta, sema buruta!" anamfokea mbele yetu. "Buruta ni neno dogo tu. Mbona mlipochumbiana na marehemu mkeo ulisema maneno makubwa ya uongo, na akakubali?"

"Yale yalikuwa ya kweli."

"Ulimwambia utamjengea nyumba ya bati!"

"Bati halipatikani madukani. Hilo nalo ni kosa langu?"

Mektrida anapiga makofi ya kukata tamaa, mafuta yanaruka. Ni mwanamke kutoka Kilema, kule mlimani, mwenye mdomo wake, lakini anapomwangalia yule mzee akiondoka na uzi wake kiunoni, anashusha sauti. "Ataliwa na mamba kwa ajili ya neno. Na mimi nitamlilia, mjinga mimi."

Kwa nini hataki? Kulijua hilo lazima urudi kwenye msimu wa mvua ambao Anyesi aliugua.

Alishikwa na kifua. Usiku mmoja pumzi ikawa inakuja kwa kukoroma, na asubuhi mganga wa zahanati akasema apelekwe Moshi mjini, hospitali, mara moja. Zahanati ya hapo ilikuwa na gari, Landrova moja. Temba alikwenda kuifuata mbio. Akaikuta barabarani inapita, imejaa viti mpaka juu, inakwenda kwenye mkutano wa kiongozi mgeni. Aliinua mkono. Dereva naye alimpungia mkono, akidhani anasalimiwa.

Anyesi hakuiona jioni.

Siku ya mazishi mkubwa mmoja wa serikali alisimama kutoa rambirambi. Akasema kwa masikitiko kwamba bahati mbaya siku ile gari lilikuwa kwenye matengenezo. Watu wakainamisha vichwa. Temba, udongo wa kaburi bado uko mikononi, akasema kwa sauti, "Lilibeba viti. Niliviona."

Mzee mmoja wa ukoo alimvuta shati. Akarudia, "Viti."

Tangu siku hiyo anaitwa mkorofi. Hajali.

"Walitaka tukubaliane kwamba ni matengenezo," anasema. Amesimama sasa, kijiko kimezama. "Neno laini, ili wao walale. Ninyamaze? Na leo wamekuja na kufuli, wananiambia tena nibadilishe neno. Kwanza lilikuwa la kifo cha mke wangu, sasa la kazi yangu. Wakishamaliza hapo watataka lipi? Jina?"

Anazungusha uzi mkononi, mzunguko baada ya mzunguko, haraka kuliko inavyohitajika.

Mkutano wa kijiji ulifanyika Jumamosi iliyopita chini ya paa la ghala la pamba. Ajenda zilikuwa nyingi, lakini watu walikuja kwa moja. Eliezeri alijitahidi kulifanya jambo liwe jepesi. Alimwachia Temba benchi la mbele, akamwagiza mtu amletee maji.

"Mzee Temba," alisema, na safari hii hakumwita ndugu. "Mkutano unataka kujua jambo moja tu. Wewe unavua kwa namna gani?"

Nyuma, Mektrida alikuwa ananong'ona kwa sauti ya kusikika hadi nje: "Buruta. Buruta. Baba Redempta, buruta."

Temba alisimama. Alivua kofia, akaishika mbele yake kama yuko kanisani.

"Nakokota," alisema.

"Mzee, fikiri vizuri."

"Nimefikiri toka mvua zile. Nakokota kijiko kimoja, nyuma ya mtumbwi mmoja, nilioununua kwa jasho langu. Sivui vifaranga, na wewe unajua. Kama agizo limekosea, likatengenezwe huko lilikotoka. Mimi silitengenezi kwa mdomo wangu."

Ghala lilichemka. Mmoja alipiga kelele aachiwe, mwingine akasema sheria ni sheria. Eliezeri, jasho likimtoka, alimgeukia Mektrida aliyekuwa amesimama juu ya benchi.

"Na wewe mama, una la kusema?"

"Mimi nakaanga alichokokota! Nifungie na kikaango!"

Watu walicheka sana, hata mgambo, na katibu aliahirisha mkutano. Kufuli halikufunguliwa. Eliezeri anasema analipeleka suala wilayani, na wilayani hakuna aliyesema lini litajibiwa.

Temba hasubiri. Mpwa wake Damian, huko Kibosho, ameangushiwa na upepo mti mkubwa wa mfuruanje kihambani, kwenye shamba lake la migomba, na ametuma salamu kwamba ni wa mjomba akiutaka. Wamepata lori la kahawa litakaloshusha gogo hadi Moshi, na kutoka hapo atajua mwenyewe. Atachonga mtumbwi mwingine. Anakisia kazi itamchukua mpaka mwisho wa kiangazi, maana shoka ni moja na mgongo si ule wa zamani.

Tunamuuliza ataficha wapi gogo lote hilo kijiji kisilione.

"Nifiche?" anauliza, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatutazama moja kwa moja usoni. "Nitachongea pale mbele ya ofisi ya katibu, dirishani kwake. Auangalie mtumbwi akiwa kivulini kwake, asisumbuke kuja kuutafuta."