Siku Mtaa Mzima Ulipotazama Mlango Wangu

Nitaieleza mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine, maana huku mtaani kwetu Kuze kila anayeisimulia anaitia nazi yake, na mimi upumbavu wangu wa kweli unanitosha, sihitaji wa kuongezewa. Niliaibika. Niliaibika mbele ya watu walioniona nikitahiriwa. Na bado nina hasira, nyingi zikiwa juu yangu mwenyewe, lakini nimebakisha kidogo kwa ajili ya wengine.

Ilianza na vichwa vya samaki. Kwetu kila nyumba hufagia mbele ya mlango wake na kumwagia maji kabla jua halijapanda, na mtu hupimwa kwa kile kipande cha sakafu kabla hajapimwa kwa kitu kingine. Sasa mimi, Athmani, karani wa forodha bandarini Kilindini, mtu ambaye kalamu zangu nazipanga kwa urefu, nikawa nafungua mlango nakuta vichwa vya samaki aina ya changu, miba na magamba kizingitini. Mara asubuhi, mara alasiri. Nani huyo? Nimemkosea nini? Niliona nimetukanwa, na aliyenitukana hana hata adabu ya kunitukana uso kwa uso.

Nikanunua kamera mbili. Fundi akaniuliza kama nataka picha zihifadhiwe mtandaoni, kwenye mashine za kampuni, nilipe kila mwezi. Nikamwambia hata kidogo! Wake za watu wapite mlangoni kwangu, kisha picha zao zikalale ng'ambo kwa watu nisiowajua? Nikataka seva yangu mwenyewe, ndani ya nyumba yangu, na akaniletea: kisanduku cheusi, ukubwa wa mkate wa boflo, chenye diski mbili. Nikakiweka kabatini chumbani, nikalifunga kabati kwa ufunguo. (Kwa ufunguo! Kana kwamba picha hutoka kwa miguu.)

Aliyekataa kamera ni mmoja tu, Bi Rukia. Mlango wake unatazamana na wangu, hatua nne hivi, na hapo hapo mlangoni ndipo alipokuwa akipika na kuuza mahamri na mbaazi. Amenibeba mgongoni nikiwa mtoto. Alisimama akiangalia juu, mikono kiunoni.

"Mwanangu, hicho kijicho chatazama wapi?"

"Chatazama kizingiti changu, Bi Rukia."

"Kizingiti chako na changu vyatazamana. Mimi hutoka alfajiri na leso moja, kichwa wazi, niwashe jiko watu hawajaamka. Nani ataniona?"

"Hakuna. Picha hazitoki kabatini mwangu. Ni mimi peke yangu, na mimi ni mwanao."

"Neno lako?"

"Neno langu, wallahi."

"Haya. Nimelipokea."

Basi sikilizeni ule uamuzi wenyewe ulivyokuwa mdogo. Nilipokuwa nakipanga kile kisanduku kiliniuliza maswali, na mimi nayajibu moja moja kama fomu za bandarini. Nihifadhi kila kitu, au watu tu? Watu tu, kwa sababu paka wa mtaa wetu peke yao wangejaza diski zote kwa wiki moja. Kisha kikauliza: televisheni zilizo kwenye waifai hii ziruhusiwe kuonyesha kamera na picha? Nikabonyeza ndiyo, maana nilitaka kutazama nikiwa nimekaa kwenye kochi, si kukodolea macho simu. Nikabonyeza, nikaenda kula. Ndiyo moja tu, jamani.

Wiki tatu nikawa mpelelezi. Nikirudi kazini nakaa kitako natazama kila aliyepita, na kwa kuwa kazi yangu ni kuandika kilicho ndani ya kila kontena, kila picha nikaipa jina. Kwa herufi kubwa, kwa mpangilio, siku na saa. Hakuna niliyemwona akimwaga samaki, ila ilikuwepo picha moja, ya Ijumaa asubuhi: jirani yangu Yakub, mwenye duka la viungo pale pembeni, babu zake walitoka Kachi, ng'ambo ya bahari, lakini Kimvita chake kinashinda changu, amesimama mlangoni kwangu na mfuko mkononi, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akainama, kisha kamera ikaonyesha mgongo wake tu. Nikapiga kofi. Nimempata!

Mtu mwenye akili angekwenda dukani kwake akamwuliza. Mimi niliitisha mkutano. Jumapili, baada ya sala ya alasiri, nikawakusanya majirani kwenye baraza yangu: Yakub mwenyewe, Maalim Badi wa madrasa na mkewe, Bi Rukia, mke wangu Mwanaisha aliyekuwa ananiambia kwa macho ninyamaze, na wengine kama kumi. Nikasimama. Nilikuwa nimevaa kanzu iliyopigwa pasi.

"Jamani," nikasema, "kuna mtu kati yetu anayenimwagia uchafu, naye nimemwona kwa macho yangu."

"Mtaje basi," akasema Maalim, "mbona watuzungusha?"

Nikamgeukia Yakub, nikanyoosha mkono, na hapo hapo tukasikia sauti ya Saumu, binti wa Bi Rukia, mwalimu wa chekechea, akipiga kelele kutoka ndani kwao.

"Mama! Mama, njoo! Uko kwenye tivii!"

Watu wakacheka, kisha wakainuka, kwa sababu hakuna mtu wa Kuze atakayeambiwa hivyo akakaa. Wote wakaingia sebuleni kwa Bi Rukia, nami nyuma yao, mkono wangu bado umenyooka. Na kweli. Kwenye televisheni ya Bi Rukia kulikuwa na mtaa wetu, baraza yangu tupu na mlango wangu wazi kama nilivyouacha. Saumu alikuwa anatafuta kipindi cha mapishi, akakuta jina jipya kwenye orodha: MLANGO WA ATHMANI.

Hapo nikaelewa. Waifai yangu, hebu nieleze, si yangu peke yangu. Tangu siku niliyoivuta, majirani waliniomba neno la siri kama mtu anavyoomba chumvi, nami nikawapa, kwani nani atamnyima jirani kitu kisichopungua? Na kile kisanduku hakijui jirani ni nani na mwenye nyumba ni nani. Kilijua tu kwamba nilisema ndiyo.

"Na kuna picha zimewekwa hapa," Saumu akasema, akibonyeza. "Zina majina."

"Saumu," nikasema, "zima."

"Soma," akasema Bi Rukia.

Saumu akasoma, kwa ile sauti ya darasani ambayo kila neno lasikika hadi ukutani.

"YAKUB. MFUKO. ANAANGALIA KAMA MWIZI."

"Mimi?" akasema Yakub.

"MAALIM BADI. KAPITA KWA BI RUKIA MARA TATU. KWA NINI?"

Maalim akakohoa. Mkewe, ambaye daktari amemkabidhi ugonjwa wa sukari wa mumewe auchunge, alikuwa nyuma yake kabisa. "Mara tatu?" akauliza. "Wewe waniambia wala hamri moja tu kwa siku!" Watu wakaangua kicheko, na mimi nikadhani, mjinga mimi, kwamba kicheko kitaniokoa.

Saumu alikuwa ameshaanza jina la tatu kabla hajaelewa anasoma nini.

"BI RUKIA. ALFAJIRI. KICHWA WAZI. SI MSHUKIWA."

Kicheko kikakatika. Wanaume wote wakatazama mkeka. Saumu akabonyeza haraka kurudi nyuma, picha ya mtaa ikarudi, na kwa kuwa hakuna aliyejua aangalie wapi pengine, tukaitazama hiyo. Ndipo paka wa rangi ya majivu alipotoka mlangoni kwangu. Mlangoni kwangu, jamani, ndani ya nyumba yangu. Amebeba kichwa cha changu mdomoni. Akakiweka kizingitini, akarudi ndani, akatoka na kingine. Samaki wetu wa mchana, kutoka kwenye ndoo yetu ya taka chini ya ngazi. Na mimi niliyeagiza kisanduku kihifadhi watu tu!

Mwanaisha hakupandisha hata sauti. "Athmani," akasema, "kamera umenunua mbili. Kifuniko cha ndoo kimoja kimekushinda."

"Na ule mfuko," Yakub akasema, taratibu, mtu aliyeumia, "ni wa kuzolea. Siku unazofungua mlango ukakuta safi, wadhani nani amesafisha? Naangalia kushoto na kulia usije ukajua, ukaona haya. Na wewe waniandika mwizi?"

Nikamwomba radhi pale pale. Akanipa mkono, ila alinipa vidole tu. Lakini Bi Rukia hakuwa anatazama paka wala Yakub. Alikuwa akinitazama mimi.

"Waifai yako umempa nani na nani?"

Nikahesabu. Nyumba sita. Mbili hazina televisheni, na nyingine waliapa hawajaona kitu. Kisha nikakumbuka wa saba: Swaleh kinyozi, ambaye televisheni yake imetundikwa ukutani wateja waitazame wakingoja zamu.

"Nenda kamuulize," Bi Rukia akasema. "Na urudi."

Nilikwenda na kanzu yangu ya pasi. Swaleh alikuwa ananyoa, akaniona, akazima mashine.

"Yakhe, ile chaneli yako? Tuliiona juzi. Nikabonyeza nijue ni nini, picha zikaanza kucheza zenyewe, moja baada ya nyingine. Alipotokea Bi Rukia nikazima."

"Mlimwona?"

"Nimekwambia nilizima."

"Swaleh, mlimwona?"

Akapangusa kiti kilichokuwa kisafi. "Wateja watatu. Na mimi."

"Mbona hukuniambia!"

"Ningekuambiaje? Ningesema nimemwona mama wa watu kichwa wazi? Hilo halisemwi, hufichwa."

Nilirudi na uongo umeshapangwa mdomoni, safi, kwamba kinyozi hajui hata chaneli yenyewe. Nikafika mlangoni, nikamkuta Bi Rukia amejifunga buibui ndani ya nyumba yake mwenyewe, na uongo ukakataa kutoka. Nikamwambia. Watatu, na Swaleh. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea habari ya msiba alioutarajia.

Jioni ile ile nikazing'oa kamera, nikatoa diski zote mbili kisandukuni, nikazipeleka kwake. Nikaomba karai la maji, nikazitumbukiza mbele yake na mbele ya Saumu, zikatoa mapovu. (Fundi anasema nimeharibu mali nzuri, kulikuwa na njia ya kufuta, na kwamba ana kisanduku kipya chenye ulinzi zaidi. Niliyomjibu siyasemi hapa.)

Bi Rukia akatazama mapovu mpaka yakaisha.

"Hizo zimekwisha," akasema. "Na wale watatu, Athmani, nao utawatia majini?"

Hakunitukana, na salamu yangu huijibu. Lakini jiko lake la mahamri amelihamishia mlango wa nyuma, kichochoro cha pili, na asubuhi mbele yangu hakuna moto wala harufu, na wateja wakinipita kuzunguka huko hushusha sauti. Mwanamke ambaye hakuwahi kujificha kwa mtu mtaani petu sasa anajificha kwangu mimi.

Basi mimi nimeapa, na safari hii najua ninachoapia. Sitampa mtu neno langu tena juu ya chombo nisichokijua kilivyo. Nikiulizwa, nitasema sijui. Ni jibu la aibu kwa karani, lakini laiti ningelitoa siku ile, mlangoni, Bi Rukia alipokuwa bado ananiita mwanangu.