Kazi ya Mizani Niliyoikataa

Watu wakisikia kwamba niliwahi kufanya kazi za mtandaoni hunijia na swali lile lile: dada, ni gani bora, ya mtandao au ya kuandikwa? Huuliza kama mtu aliyesimama sokoni kati ya fungu la sukuma na fungu la kabeji. Zamani nilikuwa na jibu, tena nililitoa kwa sauti kubwa. Siku hizi mimi ndiye ninayewauliza kwanza: nyumba unayolala ni ya nani?

Ile niliyolala mimi ilikuwa ya kampuni. Nilizaliwa kwenye shamba la chai upande wa Sosiot, katika kambi ya wafanyakazi, nyumba ya chumba kimoja na jiko. Mama alifika hapo akiwa bibi arusi, kutoka kule magharibi karibu na ziwa, na alianza kuchuma chai kabla sijazaliwa. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Tulimpeleka kwao tukamzika, kisha mimi na Mama tukarudi kwenye nyumba ya kampuni kwa sababu hatukuwa na nyingine.

Sheria ya kambi ilikuwa kwamba anayekaa ni mfanyakazi na watoto wake wadogo. Ukitimiza miaka kumi na minane na hujaandikwa kazi, wewe ni mgeni. Nilipomaliza chuo na diploma yangu mkononi, ilinibidi kwenda kwa mzee wa kambi nijiandikishe kwenye daftari la wageni ili nilale kwenye kitanda nilicholalia tangu utotoni. Palikuwa na sehemu ya kujaza unatoka wapi. Niliandika "hapa". Mzee alikata, akaandika jina la mji mmoja wa ziwani ambao nilikuwa nimefika mara mbili tu maishani.

Njia ya kubaki ilikuwa moja. Mfanyakazi asiye na makosa akikaribia kustaafu, supavaiza aliweza kumwombea mtoto wake nafasi, na mtoto akiandikwa, nyumba inabaki. Haikuwa sheria. Ilikuwa hisani, na Mama aliingojea hisani hiyo miaka mingi. Ndiyo maana hakuwahi kugombana na mtu kwenye mizani ya kupimia majani, hata siku ambazo kila mwanamke kwenye foleni aliona kwamba kilo zake zimepunguzwa.

Hisani ilikuja Jumapili moja baada ya kanisa. Supavaiza, mzee wa Kikipsigis ambaye Mama alikuwa chini yake tangu nikiwa shule ya msingi, aliinama mlangoni akaingia, akakaa kwenye kiti cha marehemu baba. Mama alimpa chai ya maziwa. Alikunywa yote kabla ya kusema lolote.

"Mama, nimekuletea hapari nzuri," alisema kwa lafudhi ya kwao. "Karani wa mizani anaenda. Lete karatasi ya huyu msichana kapla ya Ijumaa. Nitamwongelea mimi mwenyewe."

Mama aliweka mikono yote miwili kifuani. Kabla hajashukuru, nikasema, "Asante mzee, lakini mimi niko na kazi."

"Kasi kani? Hiyo ya kuweka kompyuta kwa magoti?"

Alicheka, nami nikacheka naye, maana siku hizo nilikuwa na raha ya kucheka. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza sauti zilizorekodiwa huko ng'ambo na kuziandika neno kwa neno: madaktari, mawakili, wazee wakihojiwa kuhusu ajali zao. Kwa wiki mbili nilipata kile ambacho karani alipata kwa mwezi. Nilikuwa nimemnunulia Mama godoro, gesi na gambuti mpya. Nilikuwa nimeanza kuulizia ploti ndogo nje ya Sosiot. Nani angetaka nisimame kwenye kibanda cha mabati nikiandika kilo?

Mzee alipoondoka, Mama hakunigombeza. Aliosha kikombe, akakifuta kwa muda mrefu kuliko kikombe kinavyohitaji.

"Nyathina," aliniita, mtoto wangu, kwa lugha yake. "Hiyo kazi yako sijawahi kuiona. Nionyeshe."

Nilimvisha visikilizio na kumfungulia rekodi niliyokuwa nikiiandika. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Hakujua Kiingereza hicho cha puani, lakini alimsikia mzee mmoja akikohoa na kusita kati ya maneno.

"Huyu anaumwa na nini?"

"Sijui, Mama. Mimi naandika tu."

"Na yeye anakujua?"

"Hapana."

Alivua visikilizio akanirudishia kama mtu anayerudisha kitoto cha wenyewe. "Haya," alisema. "Ni wewe umesoma."

Nisije nikajisingizia kwamba niliamua bila kufikiri. Nilifikiri siku tano nzima. Jumatano nilitembea hadi kwenye mizani, nikamtazama karani akifanya kazi. Wanawake walikuwa wamelowa hadi kiunoni, kila mmoja akitua kapu lake na kunyoosha shingo aone mshale. Karani aliandika, akawa haangalii uso wa mtu. Mmoja alimtukana kwa Kikipsigis, mwingine kwa Kijaluo, yeye akaita "mwingine!" Zamu ya Mama ilipofika, alisimama kimya, mikono nyuma, akakubali alichoambiwa. Nikaona wazi kabisa siku yangu ya kwanza: mimi nikiwa na kalamu, Mama akiwa mbele yangu mikono nyuma. Hapo nikasema hapana. Kiburi kilikuwamo, sikatai, lakini na hilo lilikuwamo.

Alhamisi nikamwambia, "Nipe miaka miwili, Mama. Kabla hujastaafu nitakuwa nimekujengea kwako. Siyo ya kampuni." Niliamini kila neno. Nafasi ya karani ilikwenda kwa binti wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, ambaye mama yake naye alikuwa mchumaji. Shuleni niliwahi kuandika insha ya "usiache mbachao kwa msala upitao" nikapata alama nzuri sana, mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Bure kabisa.

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia Mama wala supavaiza. Akaunti niliyofanyia kazi haikuwa yangu. Ule mtandao uliotupa kazi ulikuwa umeacha kupokea watu wapya kutoka nchi yetu, na rafiki yangu wa chuo, mtu wa Londiani, alikuwa ameingia kabla lango halijafungwa. Alipopata safari ya kwenda ng'ambo kutunza wazee, aliniachia. Wengi tulifanya hivyo. Hatukuona ni wizi, tuliona ni kama kuazima jembe. Kwa hiyo jina lilikuwa lake na picha ilikuwa yake. Sifa zote nilizopewa, "asante kwa kazi safi", "wewe ni hodari", zilikuwa zake pia, ingawa masikio yaliyochoka yalikuwa yangu.

Mwaka wa kwanza wa ile miwili niliyomwomba Mama ulikwenda vizuri. Katika wa pili, kazi zilianza kuja zikiwa zimeshaandikwa na mashine, mimi nirekebishe tu, kwa malipo ya kumpa mtu soda. Halafu mvua. Kwetu Kericho mvua haikosi kunyesha mchana, na mvua ikishanyesha stima nayo, umeme wenyewe, hupotea, na mteja wa ng'ambo hana habari ya mvua ya mawe. Nilichelewesha kazi tatu kwa mwezi mmoja, nyota nilizopewa na wateja zikashuka. Nikawa nasikiliza mawingu kuliko nilivyosikiliza rekodi.

Kisha mtandao ukataka uso. Fungua kamera, geuka kushoto, geuka kulia. Rafiki yangu alinifanyia hivyo mara mbili kutoka huko aliko, akiwa kazini, amevaa aproni. Mara ya tatu alinitumia ujumbe: "Pole dada, nimechoka, na hii kitu inaweza kuniharibia makaratasi huku." Simlaumu. Akaunti ilifungwa asubuhi ya Jumanne, nikiwa katikati ya sentensi ya mtu mwingine. Fedha ya ploti nilikuwa nimeshaila miezi ile ya kiangazi cha kazi, kidogo kidogo, nikijiambia nitarudisha.

Mama alikuwa amebakiza miezi minne astaafu.

Supavaiza wetu naye alikuwa ameshastaafu, hivyo nilikwenda mwenyewe ofisini, nimevaa sketi ya kanisani. Ofisa wa wafanyakazi alikuwa kijana mpole, mdogo kwangu kidogo. Alisoma karatasi zangu taratibu.

"Diploma ni ya zamani, madam. Tangu hapo umekuwa wapi?"

"Nafanya kazi mtandaoni. Kuandika."

"Uko na barua yoyote? Mtu naweza kupigia simu?"

Sikuwa na barua. Nilikuwa na simu. Picha za ule ukurasa nilikuwa nimezihifadhi kabla haujafungwa, kwa hiyo nilimfungulia aone zile nyota na zile sifa, miaka yangu yote ya kazi. Alisogeza simu karibu. Akatazama picha, akanitazama mimi, akatazama picha tena.

"Lakini huyu si wewe," alisema.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Nilianza kueleza, nikajisikia ninavyoeleza, nikanyamaza. Alinirudishia simu kwa adabu na kuniambia wataniita wakipata nafasi. Mpaka leo hawajaniita.

Miezi minne ilipokwisha, Mama alikabidhi nyumba. Mtu wa kampuni alikagua vioo na bomba, Mama akimfuata nyuma na kitambaa. Shemeji yake huko magharibi alimpa chumba kilichokuwa jiko. Mimi sikuweza kwenda naye. Msichana wa umri wangu asiyeolewa hana mahali pa kulala kwa baba wadogo bila watu kuanza kuuliza. Nilipanga chumba Sosiot, nikapata kazi kwenye cyber ya mtu, kuwatolea watu fotokopi na kuwajazia fomu za serikali. Kila anayetaka nafasi ya kazi hupita kwangu. Nimewaandikia wengi barua nzuri sana.

Mwezi uliopita aliingia yule binti wa nyumba ya tatu. Nilidhani anataka fotokopi. Alitaka nimwandikie CV.

"Si wewe ni karani?" nilimuuliza.

"Walitutoa. Makarani wote. Mashine ndiyo inakata majani sasa, na mizani inatuma kilo yenyewe ofisini. Hata kambi yetu inafungwa. Mama yangu amepewa notisi." Alitazama kompyuta. "Hata wewe kama ungechukua hiyo kazi, ungekuwa umetoka."

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: huyu dada amesimama mbele yangu hana kazi, na mimi moyo unanirukaruka. Basi si mimi niliyemtoa Mama kwenye nyumba! Tungetoka tu, ningekubali au ningekataa. Nilimwandikia CV bila kumlipisha, alipotoka nikampigia Mama papo hapo.

Alipokea simu akiwa na wanawake wenzake wa kanisa, nikawasikia nyuma yake.

"Ni binti yangu," aliwaambia. "Yule niliwaambia alikataa kazi." Kisha akanirudia mimi kwenye simu. "Nilikuwa nawaeleza hawa jinsi mzee alikuja kwa nyumba, Jumapili, na kiatu cha kanisa. Alikuja kwa sababu yangu. Aliona vile nilifanya kazi. Ungekubali, tungekuwa kwetu saa hii."

Nilikuwa na maneno yote tayari mdomoni. Nilimsikia anavyopumua, akingoja. Miaka yake yote kwenye ile chai imebaki na Jumapili hiyo moja, siku kampuni ilipomwona. Nikimwambia kwamba hiyo kazi nayo haikuwa na kitu, nitakuwa nimepona mimi, na yeye abaki na nini?

"Ni kweli, Mama," nikasema. "Nilikosea."

"Ulikosea, nyathina. Lakini ukisikia wanaandika tena, usikatae."

Nikamwambia sitakataa.